Sakafu ya Sita

Mtaalamu alijigonga kichwa mara mbili katika nyumba ya fundi cherehani, mara ya kwanza akiingia na ya pili akitoka, na mara zote mbili aliiomba boriti radhi. Alikuwa mtu mrefu kutoka nchi za mbali, amevaa buti mpya za mpira ambazo karatasi ya bei ilikuwa bado imeganda kisiginoni. Alipapasa utosi, akacheka, akaandika kitu kwenye simu yake. Hakuuliza kwa nini nyumba ya watu wazima ina mlango wa kuinamia. Angeuliza siku ile, nisingekuwa na la kusimulia, na bibi mmoja aliyepooza angekuwa analala kilimani leo.

Nyumba haikujengwa fupi. Fundi cherehani na mumewe, ambaye alikuwa mpaka rangi, walipoijenga waliiweka boriti inchi tisini kutoka sakafuni, na mume mwenyewe, mwenye inchi sabini kamili, alikuwa akipita chini yake na kopo la rangi kichwani. Kisha mto ukaanza kuingia ndani. Kila ulipotoka waliingiza kifusi, wakashindilia, wakapiga saruji, wakapata sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Mafuriko yalikuja mara tano, na mara tano wakapandisha. Hii waliyokuwa wakiikanyaga sasa ilikuwa sakafu ya sita, na kutoka hapo hadi kwenye boriti zilibaki inchi sitini na sita tu. Mpaka rangi alitembea nyumbani kwake ameinamisha shingo kama mtu aliyeitwa kujibu mashtaka.

Kilichowaleta wageni ni daftari. Mtaani walimwita fundi huyu Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani, na alikuwa na mkono wa kuandika kila alichopima. Mbele ya daftari kulikuwa na viuno na mabega ya wateja. Nyuma, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na mto.

"Ndilo hili?" aliuliza mratibu wa mradi, kijana aliyening'iniza kitambulisho kifuani, aliyezoea kuongea haraka kama anayekimbizwa na saa.

"Ndilo. Lakini mbele kuna vipimo vya wateja, mwanangu. Nina sare za shule za watoto thelathini na moja humo."

"Wiki mbili tu, mama. Tunapiga picha, tunarudisha. Unajua una kitu gani hapa?" Alilipunga daftari hewani. "Kile kipimo cha serikali cha mtoni kilisombwa mafuriko ya pili. Bonde zima hakuna mtu mwingine mwenye takwimu. Wewe peke yako. Dunia inataka kujifunza kutoka kwako."

Mtaalamu alitikisa kichwa kukubali, ingawa hakuelewa neno. Alifungua ukurasa wa nyuma, akapitisha kidole: maji inchi thelathini, ishirini na saba, ishirini na tano, ishirini na nne, ishirini na moja. Kila kipimo na tarehe yake. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete.

Futi alikuwa amepima maji jinsi alivyopima watu. Mteja akinenepa, humpimi kwa gauni la mwaka juzi. Unampima alivyo leo, kuanzia aliposimama. Kwa hiyo kila mafuriko aliyapima kutoka kwenye sakafu ya siku hiyo, maana alichotaka kujua ni maji yatagusa wapi kwenye cherehani na yatagusa wapi kwenye kitanda cha mama mkwe. Kwake hilo lilikuwa wazi mno hata halikuhitaji kuandikwa. Hakuna mtu mtaani ambaye asingelijua.

Mama mkwe alikuwa kitandani siku hiyo, kama siku zote. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kushoto na kumwachia ulimi, nao ulimi ulikuwa mzima kabisa.

"Waulize viwanja," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Wasitupake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mratibu aliinua sauti, akamweleza bibi kama anavyoelezwa mtoto. Nchi tajiri zilikuwa zimekubali kuchangia mfuko wa hasara na uharibifu, kwa ajili ya watu walioharibiwa na hali ya hewa ambayo si wao walioiharibu. Bonde hili lilikuwa limepata viwanja ishirini na viwili vya kilimani, pamoja na mabati na saruji. Mitaa ilikuwa miwili, huu wao na ule wa ng'ambo ya daraja. Ungechaguliwa mmoja, ule ambao takwimu zingeonyesha kwamba maji yanazidi mwaka hadi mwaka.

"Yanazidi," alisema bibi. "Njoo ulale hapa msimu mmoja tu, mjukuu wangu, mimi nitakwenda kulala kwenu."

Mratibu alicheka. Mpaka rangi hakucheka. Mafuriko ya mwisho yaliingia alfajiri, na alipofika kitandani godoro lilikuwa limeshaanza kuelea, mama yake ameng'ang'ania kamba ya chandarua kwa mkono wake mmoja, kidevu juu. Alimbeba mgongoni hadi kwenye paa la mashine ya kusaga. Njiani maji yalimfika yeye mwenyewe shingoni. Tangu siku hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani, kwamba mgongo wake hautaweza tena, na hakumwambia mtu isipokuwa mkewe.

Kabla ya kuondoka mtaalamu aliomba kumpiga picha mwenye nyumba. Mpaka rangi akasimama chini ya boriti, ameinama. Mtaalamu akamwonyesha kwa ishara anyooke. Mpaka rangi akamwonyesha boriti kwa kidole. Mtaalamu akaunganisha viganja vyake, akainama na yeye kidogo kwa adabu, akapiga picha.

Daftari likaondoka.

* * *

Wiki mbili zikawa saba. Futi aliwapima upya watoto thelathini na moja, na mama zao wakamnung'unikia, mmoja akasema fundi asiyetunza vipimo ana tofauti gani na asiyejua kushona. Aliyameza. Alijiambia kwamba kiwanja kimoja kilimani kinastahili watoto thelathini na moja, hata mia.

Mwaliko ulikuja kwa simu. Kongamano la Kimataifa la Kubadilishana Maarifa, siku tatu, katika hoteli kubwa ya mjini, na yeye alitakiwa siku ya pili. Alijishonea gauni la kijani lenye mikono mirefu. Mumewe alimpigia pasi mwenyewe.

"Ukipewa nafasi ya kusema, usianze na salamu ndefu," alimwambia. "Sema Mama hatavuka msimu mwingine. Basi."

"Nitasema."

"Na usiwashukuru kabla hawajatoa."

Mlangoni mwa ukumbi msichana aliyejipodoa vizuri alimvalisha kitambulisho shingoni, juu ya futi yake. Wengine waliokuwa mbele yake walikuwa na majina na vyeo. Chake kiliandikwa MNUFAIKA 14.

"Sijanufaika na kitu bado," alisema Futi.

"Ni utaratibu tu, mama. Wanufaika mnakaa nyuma kule, karibu na mlango wa jikoni."

Ukumbi ulikuwa baridi kama ghala la samaki. Kila meza ilikuwa na chupa ndogo za maji, pipi za mnanaa na kalamu zenye nembo. Watu walikunywa funda moja, wakaacha chupa, wakafungua nyingine. Futi alihesabu chupa tisa zilizofunguliwa na kuachwa mbele ya mtu mmoja aliyekuwa akieleza uhaba wa maji safi baada ya majanga. Mtu huyo alizungumza dakika arobaini. Neno "jamii" alilitamka kila baada ya pumzi, naye Futi, kwa kusikiliza kupitia kidude cha masikioni, alielewa taratibu kwamba jamii ni yeye.

Kando ya jukwaa kulikuwa na kisanduku cha kioo chenye taa ndani. Daftari lake lilikuwa humo, limefunguliwa ukurasa wa nyuma. Alisogea akaliangalia. Pembeni ya ukurasa lilionekana doa la mafuta ya cherehani, na chini yake waliweka kibao: *Maarifa Asilia ya Mafuriko. Kalamu kwenye karatasi.* Mlinzi akamwomba asiegemee kioo.

Baada ya chai, mtaalamu wa buti alipanda jukwaani, safari hii amevaa suti. Nyuma yake ukutani ikatokea picha kubwa. Ulikuwa mchoro wenye mstari mwekundu ulioanzia juu kushoto, ukateremka, ukateremka tena, ukaishia chini kulia. Chini yake ziliandikwa namba ambazo Futi alizijua kama anavyojua vidole vyake: thelathini, ishirini na saba, ishirini na tano, ishirini na nne, ishirini na moja.

Mkalimani alikuwa akimnong'oneza masikioni. "Katikati ya habari nyingi mbaya, leo tunayo habari njema. Kutokana na rekodi ya kipekee ya mwanamke mmoja wa kawaida, tumegundua kwamba katika mtaa huu kina cha mafuriko kimepungua kwa karibu theluthi moja. Jamii hii imejijengea ustahimilivu bila msaada wa nje. Je, dunia inaweza kujifunza nini hapa?"

Makofi yakapigwa. Mratibu alikuja mbio kumwinua Futi asimame aonekane. Alisimama. Watu mia mbili waliovaa vizuri walimpigia makofi kwa sababu nyumba yake haizami.

Mwanzoni hakuelewa. Alidhani wamebandika karatasi kichwa chini. Kisha akakumbuka sakafu. Zile inchi ishirini na moja zilipimwa kutoka kwenye sakafu ya tano, na chini yake kulikuwa na inchi ishirini nyingine za kifusi ambazo wageni hawa waliziacha nje ya hesabu. Ukijumlisha, ni arobaini na moja. Thelathini, thelathini na tatu, thelathini na sita, thelathini na tisa, arobaini na moja. Alizijumlisha pale pale kwa midomo, kama anavyojumlisha upindo na kiuno, na hakuna namba iliyoteremka.

Alinyoosha mkono.

"Mama yetu angependa kusema neno," alisema mwendesha mjadala, akitazama saa. "Sekunde thelathini, tafadhali."

Akapewa kipaza sauti. "Huo mstari si kweli," alisema Futi. "Maji yanapanda. Sakafu ndiyo inayokimbia. Sisi tunapandisha sakafu kila mwaka, ndiyo maana namba zinashuka. Mama mkwe wangu hawezi kutembea. Msimu huu ukija hatutaweza kumtoa."

Aliona mkalimani kwenye kile kibanda chake cha kioo akisitasita, akipekua karatasi, kisha akisema kitu kifupi sana. Ukumbi ukatabasamu. Makofi tena.

Baadaye alimwuliza mratibu kile kilichotafsiriwa ni nini. Mratibu alishusha sauti. "Alisema kwamba mmeinua sakafu zenu na mnashukuru."

"Nani aliyeshukuru?"

"Mama, taratibu. Kuna karatasi za kunata pale ukutani, za njano. Maoni yote yanaandikwa pale."

Futi aliutazama ukuta. Ulikuwa umejaa karatasi za njano, na mfanyakazi wa usafi alikuwa ameanza kuzibandua kuanzia upande wa mwisho, akizitia kwenye mfuko mweusi.

* * *

Alikwenda msalani kunawa uso. Ule mnanaa wa bure aliokula ukamrudi. Alitapika kwenye sinki jeupe, kisha akalisugua kwa kiganja mpaka likang'aa, maana hakutaka yule dada wa usafi apate kazi ya ziada kwa ajili yake.

Alipoinua kichwa aliona mwanamke mwingine kwenye kioo. Alikuwa mtu mzima, mfupi, mikono imekakamaa, na kitambulisho chake kilisema MNUFAIKA 9. Alitoka nchi ya mbali yenye mito mipana, hilo Futi alilisikia asubuhi, na hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mwanamke yule alimtazama kwa makini. Kisha akainama, akaweka kiganja kwenye kifundo cha mguu wake. Akakipandisha hadi kwenye ugoko. Akakipandisha hadi gotini. Kisha akaweka mkono mwingine juu ya utosi wake na kuikunja shingo, akauliza kwa macho.

Futi akavua futi shingoni. Akaivuta hadi inchi ishirini na nne, akaionyesha.

Mwanamke yule aliishika, akapima kwa kidole, akajionyesha kifua chake mwenyewe. Kwake ilikuwa thelathini na moja. Wote wawili walicheka kidogo, kicheko cha kukosa la kufanya, na Futi akahisi machozi yamemlenga. Kongamano lilikuwa na siku tatu na wataalamu kutoka mabara matano, na swali lenyewe liliulizwa chooni, kwa mikono.

MNUFAIKA 9 hakuridhika na kicheko. Alimkamata Futi mkono, akamburuta hadi kwenye meza ya mtaalamu, ambaye alikuwa amejaza sahani ya keki. Pale, mbele ya watu, wanawake wawili walimwonyesha kwa mikono, kifundo, ugoko, goti, shingo, na mratibu akalazimika kutafsiri sawasawa, maana mkono wa mwanamke yule ulikuwa umemshika ukosi.

Mtaalamu aliacha kutafuna. Akatazama futi, akatazama dari ya hoteli, na mkono wake ukaenda wenyewe hadi kwenye utosi, pale alipojigonga. Uso ukamshuka. Kwa muda mfupi alikuwa mtu kama watu wengine, na Futi akadhani mambo yameisha vizuri.

"Anasema ni jambo la kuvutia sana," alitafsiri mratibu.

"Haya. Aubadilishe mstari."

Walisemezana. Mratibu alijikuna shingo. "Anasema ripoti imeshapelekwa kwenye mfuko tangu mwezi uliopita. Imeshachapishwa. Huwezi kuiondoa hivi hivi, kuna taratibu, kuna majina ya watu kumi na wawili humo. Lakini anasema hili la sakafu ni utafiti mpya kabisa. Ataombea fedha. Wanaweza kuja kupima nyumba zote mwakani au mwaka unaofuata."

"Na Mama?"

"Mama yupi?"

Mtaalamu alimkabidhi kadi yake kwa mikono miwili, akarudi kwenye keki. Jioni waliwagawia wanufaika vyeti vya ushiriki, fulana na nauli ya kurudi, wakawapanga mstari mbele ya bango. Mpiga picha akasema watabasamu, na wengi wao, kwa sababu walikuwa watu wenye adabu, walitabasamu.

* * *

Orodha ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya mtaa. Viwanja vyote ishirini na viwili vilikwenda ng'ambo ya daraja. Hakuna aliyewachukia watu wa ng'ambo, nao walizama vilevile. Lakini majirani wa mtaa wa Futi walianza kumpita bila salamu, na mwenye mashine ya kusaga akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wamelala hotelini wakauza mtaa.

Mpaka rangi alikwenda na mkewe kwa afisa. Afisa alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye upole wa kuchosha.

"Rufaa inaruhusiwa," alisema. "Siku kumi na nne. Leteni ushahidi kwamba kina cha maji kinaongezeka."

"Ushahidi ni daftari langu, mheshimiwa."

"Mnalo?"

"Mnalo ninyi."

Afisa akapiga simu, akakata. "Daftari limesafiri. Liko kwenye maonyesho ughaibuni, litazunguka miji sita. Heshima kubwa hiyo, mama."

"Basi njooni muione sakafu yenyewe," alisema mpaka rangi.

"Sakafu nitaionaje? Ni saruji. Nitajuaje chini kuna nini?"

Mpaka rangi alimtazama mkewe. Siku iliyofuata aliazima sururu. Walimsogeza bibi na kitanda chake hadi ukutani, wakachimba shimo katikati ya chumba, la upana wa mlango, wakateremka sakafu moja baada ya nyingine. Kazi ilichukua siku mbili. Kwenye ukuta wa shimo kila sakafu ilionekana peke yake: ya sita ya saruji ya kijivu, ya tano yenye vipande vya vigae, ya nne, ambayo fedha iliwaishia wakachanganya majivu, ya tatu, ya pili, na chini kabisa ile ya kwanza, nyekundu, iliyopakwa rangi na mpaka rangi mwenyewe mwezi wa kwanza wa ndoa yao. Alishuka shimoni, akasimama juu yake. Akanyoosha shingo. Kichwa hakikugusa boriti. Alibaki vile kitambo, wima, mkewe akimtazama kutoka juu.

"Nilisahau kwamba wewe ni mrefu," alisema Futi.

"Hata mimi."

"Toka humo kabla hujaota mizizi," alisema bibi. "Afisa anakuja."

Afisa alikuja na mratibu. Walisimama ukingoni, wakachungulia. Futi alishusha futi yake hadi chini, akasoma kwa sauti: inchi ishirini na nne. Akaeleza kila tabaka na mwaka wake. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu maishani, bila hasira, akijua kwamba bibi anasikiliza kitandani. Mratibu alipiga picha nyingi. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, kwa hilo nimpe haki yake.

Afisa alifungua fomu. Alisoma, akageuza, akasoma tena.

"Hili shimo," alisema, "limechimbwa na nani?"

"Sisi."

"Hapo ndipo penye tatizo. Fomu inauliza: uharibifu wa nyumba umesababishwa na nini? Mafuriko, ukame, dhoruba, mengineyo. Sasa mimi nimekuja nimekuta nyumba imevunjwa sakafu na mwenye nyumba. Nikiandika mafuriko nitakuwa nimedanganya. Nikiandika mengineyo, rufaa inaanguka."

"Mheshimiwa, wewe ndiye uliyesema huwezi kuona chini ya saruji."

"Nilisema hivyo, na ni kweli. Lakini sikusema mchimbe." Alifunga kalamu. "Poleni sana. Fukieni mapema, mvua iko karibu. Bibi asije akatumbukia."

"Bibi hatembei," alisema mama mkwe. "Ungenitazama hata mara moja ungejua."

Afisa alimtazama. Akamsalimia kwa heshima zote, akamwuliza hali, akatoka akiinama chini ya boriti kwa ustadi wa mtu aliyelelewa katika nyumba kama hiyo. Na hilo ndilo lililomuuma Futi kuliko yote. Mtaalamu alijigonga kwa kutojua. Huyu alijua kuinama.

* * *

Shimo walilifukia. Halikushikamana vizuri, palibaki mbonyeo. Mpaka rangi alitaka kuongeza sakafu ya saba ili mama yake alale juu zaidi, na Futi akapima kutoka boritini kushuka chini, akaandika kwenye daftari jipya: sitini na sita. Wakipandisha inchi nne itakuwa sitini na mbili. Mtu mfupi kuliko wote nyumbani alikuwa yeye, mwenye inchi sitini na tatu. Hawakuwa na fedha ya saruji hata hivyo.

Wiki ambayo mawingu yalianza kujikusanya, gari la mradi lilishusha masanduku manne mlangoni. Mratibu hakuwamo. Dereva alisema ni matokeo ya utafiti, yanarudishwa kwa jamii, na fundi ameteuliwa kuyagawa mtaani. Alitaka sahihi. Futi akatia sahihi.

Zilikuwa nakala mia moja za ripoti, nzito, jalada la plastiki linalong'aa, zimeandikwa kwa lugha ambayo mtaani hakuna aliyeisoma. Ndani kulikuwa na ukurasa mmoja wa muhtasari kwa Kiswahili, unaowashauri wakazi wa mabondeni kuweka rekodi ya kina cha maji kwa kutumia futi. Katikati ilikuwa picha ya mpaka rangi chini ya boriti, shingo imeinama, mikono mbele. Chini yake paliandikwa: *Mnufaika akitoa shukrani.*

Mpaka rangi aliitazama picha ile muda mrefu. Kisha akafunga ripoti, akaipima unene kwa vidole viwili, akamtazama mkewe, na mkewe akavua futi shingoni bila kuambiwa.

"Robo tatu ya inchi," alisema Futi.

Waliinua kitanda mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka rangi akibeba, Futi akipanga chini. Mbili, nne, sita. Bibi alishika kamba ya chandarua kwa mkono wake mmoja huku akipanda polepole kuelekea boritini. Kila mguu ulikalia ripoti kumi na mbili, zimefungwa kwa mipira ya kiuno iliyobaki kwenye sare. Inchi tisa. Kitanda kilitikisika kidogo, kikatulia. Nje matone ya kwanza yalianza kugonga bati.

"Mmeniweka juu ya nini?" aliuliza bibi.

"Vitabu, Mama. Vya wale wageni."

"Vimeandikwa nini?"

"Vimeandikwa kwamba hatuzami."

Bibi alisikiliza mvua. Kisha akageuza uso upande wake mzima.

"Basi mniongezee viwili upande wa kichwani," alisema.